Ukifa, Pisha

Sogeeni, na mwenye simu aigeuze kifudifudi. Hadithi hii ina fundo mwishoni, na mimi limenishinda kulifungua, kwa hiyo nitawaachia ninyi. Msije mkasema sikuwaambia mapema.

Korogwe, upande ule wa stesheni, walikuwako watoto watatu waliokulia benchi moja. Si benchi la shule, ingawa shule nayo walikwenda walipokosa la kufanya. Lilikuwa benchi la banda la gemu la Bi Chausiku, na Bi Chausiku mwenyewe aliwajua watoto hao kabla hawajaweza kufunga kamba za viatu vyao.

Wa kwanza aliitwa Mwantumu, na huyu alijaliwa jicho. Mama yake alikuwa akidarizi vitambaa vya makochi, vile vya misalaba midogo midogo ya nyuzi, na Mwantumu alijua tangu utotoni kwamba kwa vijisanduku vichache na rangi nne unaweza kumtoa tausi, na kila anayeingia sebuleni akasema huyu ni tausi. Ukimpa karatasi kubwa na rangi tele alichanganyikiwa. Ukimbana ndipo alipochanua.

Wa pili aliitwa Zakayo, na huyu alijaliwa sikio. Alipuliza tarumbeta katika bendi ya usharika, lakini alikuwa na tabia ya kusikiliza hata vitu ambavyo si muziki. Mlango ukilia, anakuimbia mlio wake. Mbuzi wa jirani akilia, anakwambia leo amepanda nusu sauti kuliko jana. Mwalimu wa bendi alimfukuza mara nyingi kwa kuchokoza, na mara zote akamwendea mwenyewe kwao kumrudisha.

Wa tatu aliitwa Singano, na huyu alijaliwa ubishi. Msicheke, ubishi ni kipaji. Ukimwambia usikanyage hapa, anauliza, "Na nikianza kukanyaga pale halafu ndiyo nije hapa?" Mama yake alichoka naye. Alipokua akawa mwalimu wa kompyuta huko Muheza, na maswali yaleyale yaliyompa makofi yakawa yanampa mshahara.

Sasa huyo Bi Chausiku. Alikuwa na mashine moja ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti juu, na runinga yenye mgongo mrefu kama friji. Barafu za ukwaju aliuza kwenye beseni, na mlangoni alitundika pazia la bluu lenye kiraka chekundu. Sheria za banda lake hazikuandikwa popote, maana zilikuwa chache. Kaseti haipulizwi na mtu aliyetoka kula karanga. Ubao wa kizingiti una ulegevu, uruke, ukiukanyaga ukazama hasara ni yako. Na sheria kuu: ukifa, pisha. Mtu wako kwenye gemu akianguka shimoni, unampa pedi ya vitufe anayefuata, naye anaendelea palepale ulipoangukia. Hakuna kulia, hakuna kusema kitufe kilikwama. Kwa wale mafundi wasiokufa haraka, Bi Chausiku alikuwa na kijiko na kopo tupu la maziwa. Akigonga ko, ko, ko, hata uwe umebakiza hatua moja kumaliza, vidole vinaachia.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupisha mtu. Alikuwa akikaa jioni, kanga kiunoni, akizicheza kaseti zote: za kuruka mashimo, za kupiga vyombo vya angani, za kupanga matofali yanayodondoka. Benchi zima linamtazama kwa midomo wazi, na hafi.

Siku moja Singano, meno ya mbele yameng'oka, akamwuliza, "Bi Chau, na wewe ukifa utapisha?"

"Mimi sifi."

"Lakini ukifa je?"

Bi Chausiku akaisimamisha gemu. Akatazama benchi zima, akaona hili ni neno la kujibiwa vizuri. "Siku mtakayoniona nimefia kwenye mashine hii, na pedi nimeiweka chini, basi mashine ni ya aliyeniua. Mhina, wewe ni shahidi."

Mhina alikuwa mumewe. Alizoea kukaa mlangoni, kofia yake imelalia sikio la kushoto, akisalimiana na wapitao. "Nimesikia," alisema.

Watoto walijaribu kila hila. Walimletea kaseti za kuazima kutoka Tanga, walimwimbia pembeni, kuna mmoja alidondosha beseni makusudi. Bi Chausiku hakufa.

Miaka ikapita. Gemu zikahamia kwenye simu, na mtoto akiwa na simu yake hana haja ya benchi la mtu. Banda likabaki na runinga na pazia. Mhina naye akafariki, kwa ugonjwa wa siku chache, na mlangoni pakabaki kiti. Bi Chausiku hakuwa mtu wa kujihurumia. Alasiri akimaliza kazi zake alipuliza kaseti, akakaa, akacheza mpaka mwisho, akazima. Alikuwa anashinda bado. Lakini tuseme kweli, kushinda bila wa kukutazama ni kazi tu ya vidole, na mara nyingine alijikuta anageuza shingo kuangalia nani anafuata.

Halafu ikaja habari njema. Binti yake, Tunu, aliyeolewa Mwanza, alijifungua mapacha. "Mama, njoo," alisema kwenye simu, "mikono yangu haitoshi." Bi Chausiku alifurahi hata akaunguza wali. Akaamua kuhama moja kwa moja, si kwenda kutembea. Vitu vingine aliuza, vingine akagawa. Ikabaki mashine. Kuiuza hakuweza. Kuipeleka Mwanza ikafungiwe sandukuni hakutaka. Na kila alipoitazama alikumbuka kwamba aliwahi kuiahidi, na shahidi wake yuko kaburini, na ahadi iliyobaki na shahidi wa kaburini ni nzito kuliko nyingine.

Watoto wetu watatu wakati huo walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake. Mwantumu alibaki Korogwe, akidarizi nembo za masweta ya shule. Zakayo alikuwa Lushoto, akipiga tarumbeta kwenye harusi. Waliona nyuso za wenzao kwenye misiba tu, wakaahidiana kutafutana, na hawakutafutana. Mwantumu ndiye aliyepata habari ya kuhama, akawatumia wenzake ujumbe: "Bi Chau anahama. Na yule hajafa mpaka leo."

Singano akajibu, "Basi tumuue."

Zakayo akaandika, "Niko tayari. Kwa silaha gani?"

Mtu mwingine angeuona ujumbe ule angekwenda polisi. Lakini wao walielewana. Silaha itakuwa gemu mpya, gemu ambayo Bi Chausiku hajawahi kuicheza, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ileile ya kuchomeka kaseti juu. Mashine zile zina tumbo dogo. Picha nyingi hazimezi, sauti nyingi hazimezi, na ukiipa programu ndefu inakutapikia. Kwa hiyo kila mmoja alibanwa, na kila mmoja alitoa alichojaliwa.

Mwantumu alipewa rangi nne na vijisanduku vya kuhesabika. Hakuanza kwenye kompyuta, alianza kwenye kitambaa. Akamdarizi mwanamke mwenye kanga, beseni la barafu kichwani, ambaye lazima avuke mashamba ya mkonge, daraja la mto na mbuzi wa stesheni, awafikishie watoto barafu kabla hazijayeyuka. Mwisho wa safari akaliweka banda lenyewe, na pazia lake la bluu, na kiraka chake chekundu. Kando ya pazia akamkalisha mtu kwenye kiti. Alikuwa mdogo kuliko ukucha. Kijisanduku kimoja cha kofia Mwantumu alikisogeza kidogo, kikalalia sikio la kushoto. Alipokwisha kukisogeza aliitua sindano, kwa sababu Mzee Mhina alikuwa amefika.

Zakayo alipewa sauti tatu za kulia pamoja, na ya nne ya mchakacho kama mvua kwenye bati. Alichukua mwendo wa matarumbeta ya harusi akaupunguza mpaka ukawa wimbo wa kutembea, wa mama mwenye haraka lakini mwenye furaha. Sehemu ya mwisho, pale penye banda, aliunyamazisha wimbo kidogo, na katika ukimya ule akataka kuweka kijiko na kopo. Alitafuta mlio ule juma zima. Aligonga makopo yote ya jikoni, mkewe akamwuliza kama anaumwa. Hakuna lililolia sawasawa, mpaka alipokumbuka kwamba kopo la Bi Chausiku lilikuwa na mbonyeo ubavuni. Akalibonyeza moja kwa kisigino, akagonga. Ko, ko, ko. Mwili wake wenyewe ukashtuka, akajua amelipata.

Singano alipewa kazi ya kuamua nini kikifanyika nini kifuate. Alipanga wapi mkonge uchome, mbuzi wageuke lini, barafu ziyeyuke kwa kasi gani. Alijua mashimo ya kawaida hayamtishi Bi Chausiku. Kwa hiyo mbele ya pazia aliweka ubao wa kizingiti. Ukiupita kwa haraka, haukufanyi kitu. Ukisimama juu yake, hata kwa muda wa kuvuta pumzi, unazama. "Bi Chau hasimami kamwe," alijiambia, "lakini siku akisimama, utamkuta."

Kaseti mbovu ikapatikana, Singano akaitoa matumbo akaiwekea ya kwake. Kabla ya hapo alimpa mwalimu mwenzake gemu yenyewe aijaribu kwenye kompyuta. Yule bwana akaja kesho yake na sura ya huruma. "Nzuri sana," alisema, "ila ina ubovu. Nikifa inaganda. Inaniandikia 'mpishe mwenzako', basi, nabonyeza mpaka vidole vinauma."

"Pedi ya pili ulimpa nani?"

"Pedi ya pili ya nini? Nilikuwa peke yangu."

Singano akawapigia wenzake simu, na wote watatu wakaona aibu na kucheka. Gemu zote duniani humrudisha mchezaji mwanzo, akajaribu tena mwenyewe. Yao ilimsubiri mtu wa pili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amefikiria kwamba mtu anaweza kucheza akiwa peke yake. Walivyolelewa, jambo hilo halikuwapo.

"Nitaliondoa," alisema Singano.

"Usiliondoe," alisema Mwantumu. "Bi Chau anacheza peke yake tangu Mzee alipokufa. Nikipita na sweta zangu namsikia."

Singano hakuliondoa.

Asubuhi ya kuhama lori lilisimama mbele ya banda, na mwenye lori, Shekilindi, alikuwa akipakia magodoro. Ndani ilibaki runinga, mashine, mkeka na kikapu cha vyombo vya safari. Bi Chausiku alikuwa amekaa mkekani, hajui aanze kukunja waya upi, aliposikia hodi ya watu watatu kwa pamoja. Wakaingia, na wote watatu, bila kuambiana, wakakiruka kizingiti.

"Shikamoo, Bi Chau."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kuniaga au kunichelewesha?"

"Tumekuja kukuua," alisema Zakayo.

Singano akatoa kaseti. Bi Chausiku akaigeuza, akaona haina picha wala jina. "Nani amekula karanga leo?" aliuliza. Wakakana wote. Akaipuliza mwenyewe, akaichomeka.

Alipomwona yule mwanamke wa kanga na beseni lake, alitoa mguno wa mtu aliyejiona kwenye kioo cha duka. "Mmeninenepesha," alisema. Mengine hakusema, maana vidole vilikwisha kuanza safari. Mkonge aliupita kama anapita uani kwake. Darajani aliyumba kidogo, akacheka, akavuka. Mbuzi wa stesheni aliwazunguka huku akiwataja wenye mbuzi kwa majina. Wale watatu walikaa nyuma yake, na ingawa walikuja kumuua, kila aliporuka shimo walipiga makofi. Bi Chausiku aliyasikia makofi yale mgongoni. Alikuwa na raha ambayo hakuiona kwa miaka.

Akafika bandani. Barafu hazijayeyuka, njia nyeupe, pazia lile pale, amebakiza kuruka tu. Ndipo jicho lake likamwona mtu wa kando ya pazia, na kofia yake. Moyo wake ukamwambia: Mhina. Akasimama. Hakuwahi kusimama kwenye gemu maisha yake yote, lakini hapo alisimama amtazame. Na wimbo ukanyamaza, na kutoka ndani ya runinga kikalia kijiko kwenye kopo, ko, ko, ko, na vidole vyake vikatii sheria aliyowafundisha watu kizazi kizima. Vikaachia. Pedi ikatua mkekani. Akakumbuka, akaikamata tena ili aruke, lakini ubao ulikuwa umekwisha kuzama, na yule mama, beseni na barafu zake, amekwenda.

Runinga ikaandika: MPISHE MWENZAKO.

Bi Chausiku akaangalia pedi. Akaangalia runinga. Halafu akacheka, akacheka mpaka kanga ikafunguka, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Nimekufa," alisema. "Jamani, nimekufa. Haya, nani anafuata?"

Mwantumu akashika pedi ya pili, akafia mlangoni. Zakayo akapokea, naye akafa, maana kijiko chake mwenyewe kilimshtua. Singano akapokea, akafia kwenye ubao wake mwenyewe, na kuchekwa kwa hilo hakutakwisha leo. Zamu ikarudi kwa Bi Chausiku, na safari hii alimpungia Mhina mkono bila kusimama, akaruka, akaingia pazia. Barafu zikawafikia watoto. Shekilindi, aliyekuwa dirishani na godoro kichwani, akashangilia kuliko wote.

Kisha Bi Chausiku akazima mashine, akajifunga kanga upya. "Sasa tuzungumze ya kwetu," alisema. "Niliahidi, na Mhina alisikia. Nani ameniua?"

Wakatazamana.

"Ni Mwantumu," alisema Singano. "Mpe yeye."

"Mpe Zakayo," alisema Mwantumu.

"Singano ndiye aliyeipanga," alisema Zakayo.

Midomo ilisema hivyo. Lakini Bi Chausiku aliwalea watu hawa kwenye benchi, na aliyaona macho. Kila mmoja, akidhani hatazamwi, alikuwa akiinyemelea mashine kwa jicho. Alijua pia ambacho kila mmoja angefanya nayo. Mwantumu angeiweka kwenye chumba chake cha kudarizi, pale pale Korogwe, watoto wa mtaa wapate benchi tena. Zakayo kwa miaka alikuwa akiota kuitia sauti ya mashine ile katikati ya matarumbeta, maana hakuna chombo kingine kinacholia vile. Singano alikuwa na darasa zima la wanafunzi waliokuwa tayari kutunga gemu zao, na hawakuwa na mashine ya kuzijaribia.

"Acheni adabu," aliwaambia. "Adabu hainisaidii. Kila mtu ajisemee."

Mwantumu akaanza, sauti ndogo lakini imenyooka. "Bi Chau, wewe husimami. Ulisimama kwa sababu ya picha. Usingesimama, ubao usingekuzamisha, na kijiko kingelia ukiwa umekwisha kuingia ndani."

"Kweli," alisema Bi Chausiku.

Zakayo akasema, "Alisimama, sawa. Lakini kusimama kwa mtu mwenye pedi mkononi si kufa. Vidole vya Bi Chau vina haraka, angeona ubao unaanza kuzama, akaruka. Kijiko ndicho kilichomfanya aachie. Na ahadi ilisemaje? Pedi iwe imewekwa chini. Nani aliiweka chini kama si kopo langu?"

"Hilo nalo kweli," alisema Bi Chausiku.

Singano akasubiri wamalize, kama kawaida yake. "Mtu akisimama kwenye sakafu ngumu, akaachia pedi, akamtazama mumewe mpaka kesho, amekufa? Hajafa. Amepumzika. Picha ilimsimamisha, kopo likamlegeza, lakini aliyefungua ardhi ni mimi."

Bi Chausiku akashindwa kukana hilo pia. Akawatazama mmoja mmoja, na kila alipomaliza kumkubali mmoja alimkuta mwenzake bado ana haki. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, lakini hawakusema chungu kikiiva kipewe figa lipi.

"Tuipokezane," alisema Mwantumu. "Mwezi kwangu, mwezi kwake."

Bi Chausiku akatikisa kichwa. Kabla ya mashine hii alikuwa na nyingine, waliyoinunua pamoja na shemeji yake, na ikawa inalala huku na kuamkia kule. Ilipokuwa huku, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayetengeneza waya. Ilipokuwa kule vilevile. Mwishowe panya ndio waliojiona wenye mali, wakala nyaya zote, na yeye na shemeji wakanuniana mwaka mzima. "Mashine haipokezanwi," alisema. "Inataka mtu mmoja wa kuifuta vumbi. Na ninyi sitaki mje mnuniane kwa ajili yangu, ndio kwanza mmeonana tena."

Hapo Shekilindi akaweka godoro chini. Alikuwa mgeni wa mambo haya, na wageni huona yao. "Mama, mimi nitasema, mkinikemea nikemeeni. Pazia ni la nani?"

"Langu."

"Mzee yule?"

"Wangu."

"Kopo na kijiko? Ubao uliolegea?"

"Vyangu," alisema Bi Chausiku.

"Basi hakuna aliyekuua hapa," alisema Shekilindi. "Umejiua mwenyewe kwa vitu vyako. Ipakie mashine, twende, jua linapanda."

Mwantumu akainama akachezea ncha ya mkeka. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, lakini hapo wote walikuwa kwao, na tuzo ni moja.

Bi Chausiku akainuka. Akachomoa waya, akauzungusha kwenye mashine taratibu, kama alivyofanya kila alipofunga banda. Aliipenda mashine ile, na aliwapenda wale watatu zaidi, na alijua kwamba akitoka mlangoni bila kuamua atakuwa amevunja neno mbele ya Mhina, na akiamua vibaya atakuwa amevunja benchi. Akaikumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akaokota, kutoka kwenye kikapu cha vyombo vya safari, lile kopo lenye mbonyeo na kijiko chake. Akakisogeza kikapu kwa mguu mpaka pale kiti cha Mhina kilipokuwa, akaweka kopo juu yake.

"Nitagonga," alisema. "Nikimaliza kugonga, mwenye haki asogee mbele aichukue. Nawaamini."

Akagonga. Ko, ko, ko.

Na wale watatu, watu wazima, wenye nyumba na watoto, waliposikia mlio ule walisimama wima kwa pamoja, kisha kila mmoja akarudi hatua nyuma, kumpisha mwenzake. Mbele hakusogea mtu. Bi Chausiku alibaki katikati ya banda tupu, amenyoosha mikono, mashine juu yake, na macho yake yamejaa furaha na mashaka kwa kiasi kilekile, huku lori likiunguruma nje.

Hapo ndipo fundo lilipo, wenzangu, na hapo ndipo mimi ninaposhuka. Yuko aliyelisimamisha jicho lake. Yuko aliyeilegeza mikono yake. Yuko aliyeifungua ardhi chini yake. Na yuko mama mwenyewe, mwenye pazia, kopo na ubao. Shekilindi amekwisha kuwasha gari, hatasubiri sana. Mikono ya Bi Chausiku inaanza kuchoka.

Kama mikono ile ingekuwa yako, ungemkabidhi nani?